Konokono mmoja, majina matatu: jibu kwa binti anayeongoza wageni msitu wa Amani, Tanga

Swali lenyewe nililotumiwa, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mi naongoza wageni huku Amani, sa hivi na wenzangu tunatengeneza ubao wa viumbe wadogo wa msituni. Kuna kikonokono tunakiokota kwenye majani makavu, kidogo kama punje ya ufuta, mdomoni kina vimeno. Orodha ya zamani tuliyorithi inakiita Ennea, mgeni mmoja alituambia ni Gulella, na sasa nikipiga picha programu ya simu inaniletea Dadagulella. Hivi mnabadilisha majina ili iweje? Na mimi niandike lipi ubaoni? Halafu inawezekana hiki changu hakina jina kabisa?"

Marahaba mwanangu. Picha zako nimezifungua zote, hata ile iliyotikisika, na nimefurahi sana kwa sababu miaka yote hii wanaoniuliza kuhusu konokono wa milimita tatu nawahesabu kwa vidole, watu wakisikia konokono wanawaza yule mkubwa anayekula mchicha bustanini. Nianze na la ubao maana najua fundi anasubiri. Andika "konokono mla konokono, jamii ya Streptaxidae", weka ukubwa wake kwa milimita, weka mahali mlipomwokota, na jina lake kamili la kitaalamu acha kwanza hadi nione mdomo wake vizuri. Hiyo haitakuwa kosa leo wala kesho. Sasa nikueleze kwa nini, na hapa nitakuwa mrefu kidogo, unisamehe.

Kitu cha kwanza, hili la kubadilika jina we mwenyewe unaliishi kila siku na wageni wako. Lile ua la Usambara la urujuani, mnalowaonyesha kwenye majabali yenye kivuli, si mnaliita Saintpaulia ionantha? Hilo jina lilitolewa mwaka 1893, baada ya ua kupelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Usambara enzi za Wajerumani. Likakaa zaidi ya miaka mia na watu wakalizoea dunia nzima mpaka kwenye vyungu vya madirishani Ulaya. Halafu vinasaba vikaonyesha hilo ua halina ukoo wake peke yake, liko ndani kabisa ya ukoo wa Streptocarpus, sasa utalitenga vipi? Basi sa hivi ni Streptocarpus ionanthus. Ona mwisho wa neno, ionantha imekuwa ionanthus, watu wanadhani ni kosa la uchapaji kumbe ni ngeli. Majina haya yanafuata Kilatini, na Kilatini kina ngeli zake kama sisi tunavyosema mtu mdogo, kitu kidogo, nyumba ndogo. Saintpaulia ni ya kike, Streptocarpus ni ya kiume, sifa ikihamia kwa bwana mwingine lazima ibadilishe mkia. Ua ni lile lile, jabali ni lile lile, hata rangi haijapauka.

Na kwa konokono mambo ni hayo hayo, ila kuna zaidi.

Jina la kitaalamu lina vipande viwili. Cha kwanza ndo ukoo, cha pili ndo jina lake yeye, yaani la aina, na koo nyingi zikiwekwa pamoja ndo jamii, kama hiyo Streptaxidae. Kipande cha pili ni kigumu kuondoa, sheria ya majina ya wanyama inaanzia mwaka 1758 kwa Linnaeus, yule Mswidi wa mtindo huu wa majina mawili, na inasema aliyetangulia kutoa jina kihalali ndiye mwenye haki, hata kama alikuwa hajui kitu. Kipande cha kwanza ndo kinachohama kwa sababu ukoo ni dai, ni mtu anasema "nadhani huyu ni ndugu wa hawa", na dai linaweza kukanushwa. Utaona wakati mwingine baada ya jina kuna mtu na mwaka, mara ndani ya mabano mara bila mabano. Hayo mabano si pambo. Lissachatina fulica (Bowdich, 1822), yule konokono mkubwa wetu wa pwani, mabano yanakuambia Bowdich alimpa jina la fulica lakini alimweka ukoo mwingine, Achatina, na baadaye akahamishwa. Ukiona mabano jua hapo kuna safari. Wala usimshangae ofisa wa kilimo anayeandika bado Achatina fulica, vitabu vingi vya wadudu waharibifu viliandikwa kabla ya hayo, na mnyama ni mmoja.

Sasa Ennea. Hiyo Ennea ya orodha yenu ilikuwa kama pakacha. Karne ya kumi na tisa makombe ya konokono yalikuwa yanapelekwa Ulaya kwa meli kutoka Zanzibar, Tanga, Bagamoyo, mtu anaokota ganda tupu kwenye majani anatia kwenye kibweta, likifika huko linaangaliwa umbo, ni refu kama pipa, mdomo una meno, haya tia kwenye Ennea. Eduard von Martens wa Berlin mwaka 1897 alichapisha kazi kubwa sana juu ya konokono na chaza wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, mpaka leo hatuwezi kuikwepa. Kule London alikuwepo Hugh Berthon Preston, mfanyabiashara wa makombe, naye akawapa majina wengi wa upande wetu mwanzoni mwa karne ya ishirini, maelezo yenyewe mafupi. Baadaye Ennea ikapunguzwa, wengi wakahamia Gulella, nayo Gulella ikavimba ikawa na mamia ya aina. Yaani ulikuwa ukiokota kitu kidogo chenye meno Afrika unasema Gulella na mara nyingi hukosei, maana wote walikuwa wanatupwa humo humo.

Hapa nimtaje Bernard Verdcourt kwa heshima zote. Alikuwa mtu wa mimea, alifanya kazi kwenye ile herbari, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Afrika Mashariki iliyohamishwa kutoka huko huko kwenu Amani kwenda Nairobi mwaka 1950, lakini moyo wake nusu ulikuwa kwenye konokono, akaandika juu yao miaka na miaka, akaorodhesha aina za Afrika Mashariki nzima. Bila yeye sisi tungekuwa tunapapasa gizani. Ila hata yeye, kama wote wa wakati ule, kwa aina nyingi alikuwa na ganda tu. Mwili wenyewe ulishaoza au kuliwa na sisimizi zamani.

Na ganda linadanganya. Utasimama stendi ya Muheza uone mtu, ukamwita kwa jina la kaka yake fulani wa Bombani, sura ile ile, mwendo ule ule, ageuke kumbe katoka Singida hana hata shangazi Tanga. Konokono wanaoishi kwenye majani makavu wanabanwa na shida zile zile, unyevu kukauka, wadudu wanaotaka kuingia mlangoni, nafasi nyembamba za kupita, basi koo tofauti zinaishia kuvaa ganda la namna moja. Hata hayo meno, wageni wako watakuuliza, uwaambie mapema kwamba si ya kutafuna. Ni vinundu vya ganda lenyewe vilivyoota kwenye mlango, wengi wetu tunafikiri ni kama nondo za dirisha, kuwazuia wadudu wasiingie. Meno ya kulia yako kwenye ulimi, utepe mwembamba wenye vimeno vilivyochongoka, na hawa jamii ya Streptaxidae wanautumia kuwala konokono wenzao. Mwili wao ukiwa hai mara nyingi ni wa njano au chungwa au mwekundu, ukimkuta ametoka nje ya ganda asubuhi kuna umande huwezi kumsahau. Hilo ndo la kuwaonyesha wageni, simba wa ukubwa wa ufuta.

Mwaka 2011 watafiti Ben Rowson na Peter Tattersfield na mwenzao Symondson walichapisha kazi ya vinasaba ya hawa konokono walao nyama wa nchi za joto, wakiangalia zaidi Afrika Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi, na ikadhihirika Gulella si ukoo mmoja. Ni watu wa nyumba mbalimbali wamepewa jina la baba mmoja. Ukishajua hivyo unafanya nini? Huwezi kuacha, maana ukoo usio wa kweli unakupotosha kwenye kila kitu kingine, umri wa msitu, wapi walitokea, nani amebaki peke yake. Basi mwaka 2013 Rowson na Tattersfield wakachukua kikundi kimoja kidogo kilichokuwa kinaitwa tu kikundi cha Gulella radius, wakakifungulia ukoo mpya wakauita Dadagulella, na humo humo wakatoa aina mpya sita na nususpishi tatu, yaani vijitawi ndani ya aina. Lile neno la mbele ni letu mwanangu, dada, Kiswahili kabisa, dada wa Gulella. Mi niliposoma mara ya kwanza nilifurahi, karne nzima majina ya wanyama wetu yanatoka Kilatini na Kigiriki na majina ya mabwana wa Ulaya, leo mtu wa Mkinga akilisoma analielewa bila kamusi. Yule radius sasa anaandikwa Dadagulella radius (Preston, 1910), yuko na mabano yake. Na mkia haukubadilika kwa sababu radius ni jina, si sifa, majina hayafuati ngeli ya bwana.

Kwa hiyo orodha yenu ya zamani, mgeni wenu na programu ya simu, inawezekana kabisa wote watatu walikuwa wanamsema mnyama mmoja. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja kasema kwa ujuzi wa siku zake. Ila programu ya simu usiiamini sana kwenye hawa wadogo. Inalinganisha picha na picha, na picha za konokono wa Usambara humo ni chache mno, basi inakupa anayefanana na aliyewahi kupigwa, si lazima aliye sahihi.

Umeuliza tunafanyaje kuamua. Kazi yenyewe ni ya kukaa, mgongo unauma. Unamchukua konokono aliyehifadhiwa kwenye spiriti, wa milimita tatu, unavunja ganda kidogo kidogo kwa ncha ya sindano chini ya hadubini baada ya kulipiga picha pande zote, unautoa mwili, unautandaza, unatafuta via vya uzazi. Konokono hawa kila mmoja ni dume na jike, na mirija ya uzazi ndo inayotofautiana sana kati ya aina na aina hata pale ganda linapofanana kama mapacha. Ndani ya kiungo cha kiume mara nyingine mna vijimiiba, unavihesabu, unaangalia vimepangwaje. Ulimi unautoa unausafisha unauangalia peke yake kwa hadubini ya elektroni kama ipo. Kipande cha nyama ya mguu, kidogo kuliko chembe ya chumvi, ndo kinakwenda kwa vinasaba. Halafu lazima ulinganishe na sampuli mama, yaani lile ganda hasa ambalo mtu wa kwanza alilishika mkononi akilipa jina, na kwa konokono wetu sampuli mama nyingi ziko Berlin, London, Tervuren Ubelgiji na kwingineko, si Tanga. Hapo ndo penye kunikereketa. Mtoto wa Usambara anayetaka kujua konokono wa nyumbani kwao inabidi aombe picha Ulaya. Siku hizi makumbusho yanaweka picha mtandaoni, imesaidia mno, ila picha haikupi kugeuza ganda ukaangalia jino la ndani.

Nikupe na langu. Nikiwa kijana niliandika orodha ya konokono wa kijimsitu kimoja karibu na Pangani, nikatenganisha aina mbili, moja yenye meno kamili na nyingine ndogo mdomo mwembamba usio na meno yale. Nilijiamini sana. Baadaye nikapata spiriti na muda, nikafungua, kumbe wale wa pili ni watoto wa wale wa kwanza. Mdomo wa hawa wanyama unakamilika wakishakomaa, kabla ya hapo mlango ni mwembamba kama karatasi na unaweza kumwita jina lolote. Nikaifuta aina moja kwenye orodha, na iliniuma kwa sababu watu walishaitumia. Tangu siku ile ganda la mtoto silitolei jina hata kidogo, na wewe usifanye hivyo.

Lingine lililowashtua wengi. Umeshaona vile vikonokono vyembamba virefu vyeupe kama sindano, kwenye vyungu vya maua na chini ya migomba, Subulina na wenzake? Walikuwa na jamii yao, Subulinidae. Mwaka 2017 kazi ya vinasaba ya Fontanilla, Naggs na Wade ilionyesha wamo ndani ya jamii ya lile konokono kubwa, Achatinidae, na sasa wanawekwa humo. Yaani sindano ya sentimita moja na nusu na lile linalojaa kiganja ni watu wa nyumba moja. Kwa macho nani angesema?

Sasa kwa nini tusumbuke. Konokono mdogo hatembei. Maisha yake yote anaweza kuyamaliza kwenye eneo la uani kwenu, hawezi kuvuka shamba lililochomwa, hawezi kuvuka barabara ya vumbi la jua kali, basi msitu ukikatika vipande kila kipande kinabaki na watu wake. Mwaka 1997 ilichapishwa kazi ya kuhesabu konokono wa misitu ya mashariki mwa Tanzania, Watanzania wamo kwenye walioiandika, ikaonyesha aina ni nyingi na nyingi kati yake zimefungika eneo moja tu. Ukikosea ukasema hii ni aina moja imeenea kutoka Lamu mpaka Lindi, utasema haina shida, hata kijimsitu kimoja kikifyekwa iko kwingine. Ukija kugundua ni aina tatu, kila moja na kilima chake, hesabu imebadilika kabisa. Na kinyume chake pia, aina inaweza kuwekwa kwenye hali ya hatari kumbe ni ganda la mtoto wa aina ya kawaida, hapo tunapoteza nguvu bure. Mimi ndo maana siichukulii kazi ya majina kama ya makabati, naichukulia kama kupima mipaka ya shamba kabla ya kugombania.

Na Tanga yetu ndo hasa pa kuangalia. Amani kuna unyevu mwaka mzima na majani yaliyorundikana, hata chini ya iliki mtu alipoacha miti mikubwa utawakuta. Ukishuka Amboni, Kiomoni huko kwenye mapango, mawe ya chokaa, konokono anahitaji chokaa ya kujengea ganda basi hapo anaipata mpaka ya ziada, na utakuta wengine tofauti kabisa, wale wenye kifuniko mgongoni mwa mguu wanachofunga nacho mlango, Tropidophora mfano, hao undugu wao uko karibu zaidi na konokono wa baharini kuliko na huyu wako. Mkoa ni huo huo mmoja, na orodha mbili.

Kama mnataka kuendelea, sikiliza hivi. Ndani ya hifadhi msiokote kubeba bila kibali, utafiti una taratibu zake COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na wenye hifadhi lazima wajue, mnaomba. Picha hazikatazwi. Chukua kilenzi cha kubana kwenye simu, weka konokono juu ya kitu cheusi karibu na rula ya shule yenye milimita, piga mdomo ukikutazama wewe moja kwa moja, piga ubavu, piga mgongo, piga kitakoni pale penye tundu. Ile ya mdomo ndo yenye thamani kuliko zote, kila jino lionekane. Mkiwa na kibali, chekecheni majani makavu kwenye chekeche kama la unga juu ya gunia jeupe, kinachopita ndo mali, kaushe kivulini halafu mkae mezani na lenzi na brashi ya rangi iliyolowa. Maganda tupu msidharau, mengi yatakuwa hayo. Aliye hai wa kuhifadhi awekwe kwenye spiriti kali ya maabara, asilimia 95 kwenda juu, formalini hapana, inaharibu vinasaba. Na maganda makavu msiyafungie kwenye kabati la mbao mbichi au boksi la karatasi duni, mvuke wa asidi unayala, yanaota unga mweupe mpaka yanamong'onyoka. Chupa ya kioo.

Karatasi ya maelezo iwe ndani ya chupa, si nje, penseli si kalamu ya wino. Iandikwe mahali hasa, si "Amani" tu, kilima gani, mita ngapi juu ya bahari, chini ya mti gani, tarehe, nani kaokota. Niliwahi kufungua boksi zima kwenye stoo ya ofisi moja, konokono wazuri ajabu wa misitu ambayo mingine sasa ni mashamba, mende walishakula karatasi zote. Nilikaa nalo siku tatu. Yale maganda yalikuwa mazima kabisa na hayakuwa na la kutuambia, hayakuwa hata ya Tanga wala ya Iringa. Jina tunaweza kulisahihisha hata miaka hamsini ijayo, mahali ukipapoteza hapo hapana wa kukurudishia.

Swali lako la mwisho, kama hakina jina. Inawezekana, sitakuficha, kwenye misitu yenu hilo si jambo la ajabu. Picha ya tatu ndo imenifanya nisilale mapema, kuna kama jino la pili nyuma ya lile kubwa la juu, lakini kivuli cha kidole chako kimeliziba. Nipigie tena ile, asubuhi kwenye mwanga wa dirishani, na uniambie mlikiokota upande wa Mbomole au huku chini Zigi.